Jani Si Mboga ya Daraja la Pili

Jioni ukipita mitaa ya Busisi, kwetu kando ya ziwa, wakati mioto imeshakolea, utasikia swali lile lile likivuka kutoka ua hadi ua: "Mboga leo nini?" Jibu likiwa sato, dagaa, au hata kichwa cha sangara, muulizaji anaitikia kwa bashasha. Jibu likiwa mchicha, sauti inashuka: "Leo majani tu." Ninagombana na hilo neno la mwisho.

Kwetu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali: samaki, nyama, maharage, maziwa ya mgando. Majani yamo katika ukoo huo, ila yamekalishwa mkiani. Hupikwa pale mbalamwezi inapowapumzisha wavuvi wa dagaa, au mfuko unapotoboka kabla mwezi haujaisha. Mtoto anakua akijua kwamba akiona mchicha, leo nyumbani kuna upungufu. Hata jina la sukuma wiki linasema hivyo hivyo, mboga ya kuisogeza wiki mpaka hela itakapopatikana. Nimewahi kumwona mama mmoja akisukumia sufuria ya matembele uvunguni mwa meza kwa sababu mashemeji wamebisha hodi, kisha akamtuma mtoto mbio akakope dagaa dukani. Matembele yenyewe yalikuwa yameungwa karanga, yananukia hadi barabarani.

Dharau hiyo ni ya zamani. Jipya ni kwamba siku hizi imepewa hoja, na hoja hiyo inasemwa na watu ninaowaheshimu: walimu wenzangu, wauguzi, wenye maduka, vijana waliorudi kutoka Mwanza mjini. Wanasema mboga za majani ni nzuri, hakuna anayekataa, lakini zinaharibika upesi. Basi zinamfaa mtu wa mjini aliye jirani na soko kubwa na mwenye friji. Sisi wa ziwani Mungu ametupa samaki, tule samaki. Majani tutayala ipasavyo hali itakapotengemaa.

Mwanzoni hoja hiyo ilijificha nyuma ya kivuko. Matenga ya nyanya na viroba vya kabichi vilishinda juani Kigongo, ng'ambo ya ghuba, vikisubiri zamu ya kuvuka, na vilipofika upande wetu vilikuwa vimechoka. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua daraja la kilomita 3 lenye jina la John Pombe Magufuli, na ghuba iliyokuwa ikila saa za watu sasa inavukwa kwa dakika chache. Ni kazi kubwa na ninaishukuru. Aliyewahi kukesha Kigongo na mgonjwa hawezi kuibeza. Lakini tazama kilichotokea jikoni. Kivuko kimetoka kwenye hoja, friji imeingia mahali pake, na hoja yenyewe haikutikisika hata kidogo. Haikutikisika kwa sababu haikuwahi kuegemea kivuko. Mchicha unaota Busisi. Matembele yanatambaa kando ya mabafu yetu, penye maji ya kumwagwa. Kunde ziko mashambani, majani ya maboga yako kwenye mahindi, mlenda na mgagani huchomoza mvua za kwanza zikianguka bila kupandwa na mtu. Mboga iliyoota hatua 20 kutoka jikoni ilikuwa inasubiri feri ya nini?

Kosa limeanzia kwenye neno "mbichi". Tumelipa maana ya ubaridi na mng'aro, wakati mboga mbichi ni habari ya saa. Jani likishachumwa halifi pale pale. Linaendelea kupumua, linatumia akiba yake, linapoteza maji, na vitamini C iliyomo inapungua saa baada ya saa, upesi zaidi penye joto na mwanga. Friji inapunguza mwendo huo, na hapo sina ubishi nayo. Ila hairudishi kilichokwisha kwenda. Mchicha uliochumwa Jumapili alfajiri, ukasafiri, ukashinda mezani kwa muuzaji ukinyunyiziwa maji, ukaingia kwenye friji jioni na kutoka Alhamisi, ni mchicha wenye umri. Uliochumwa saa 11 jioni na kuingia sufuriani saa 12 bado haujajua kwamba umeondoka shambani. Kati ya watu hao wawili, mwenye friji na mwenye tuta, nani anakula mboga mbichi?

Kwa hiyo kuchagua ni kujua umri, na umri hausomwi usoni pa jani. Usoni muuzaji ameshanyunyiza maji. Ligeuze fungu utazame mahali bua lilipokatwa. Likiwa na unyevu na rangi ya kijani kilichofifia, limekatwa leo. Likiwa limekauka na kugeuka kahawia, limelala. Lipinde: bua la leo linavunjika kwa mlio, la jana linapinda kama kamba. Kisha omba ruhusa ulegeze fungu uone katikati, maana majani mazuri hupangwa nje na ya manjano hulindwa ndani. Mama ninayenunua kwake karibu na stendi ameshanizoea. Akiniona natokea, analegeza kamba mwenyewe na kunisukumia fungu. "Kagua, mwalimu, ya leo hiyo." Na kweli inakuwa ya leo, kwa kuwa anajua nitaligeuza. Wanunuzi 10 wakiligeuza fungu, soko zima litaleta mboga ya leo. Tunaponunua kwa kuangalia mng'aro tu, tunamfundisha muuzaji kununua chupa ya kunyunyizia.

Nyanya ndiyo inayotuhadaa zaidi. Tunachagua ngumu, nyekundu, inayofanana na picha kwenye kopo la nyanya, na tunaipita ile yenye mkunjo begani iliyoivia mtini. Ile ngumu mara nyingi ilichumwa ikiwa bado ina ukijani ili ivumilie tenga na barabara. Tunaona pia yale madoa meupe kama unga karibu na kikonyo, tunayafuta kwa kidole na kuendelea. Mara nyingi hayo ni masalia ya dawa ya ukungu. Kila dawa ya kupulizia ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kifungashio, na mkulima mwenye haraka ya soko anaweza kuziruka. Ioshe nyanya kwa maji yanayotiririka huku ukiisugua kwa mkono, moja moja. Bora zaidi nunua kwa mtu unayeweza kumuuliza alipulizia lini. Huyo mara nyingi ni jirani, wala hayuko ng'ambo ya daraja.

Na hiyo friji tunayoililia, ziko mboga zinazoikimbia. Nyanya ikiwekwa penye baridi kali inapoteza harufu yake na nyama yake inakuwa kama unga uliolowa. Vitunguu vinataka upepo na ukavu. Viazi vitamu vinaharibikia baridini. Boga zima lenye ganda gumu na kikonyo chake linakaa miezi kwenye kona ya nyumba bila kuomba umeme. Mwenye friji mpya hujaza vyote humo, kisha anashangaa chakula kimekuwa chapwa.

Jirani yangu mmoja alinunua friji mwaka jana. Ni mtu makini, mchapakazi, na sisemi haya kumsimanga. Alianza kununua mboga za wiki nzima Jumapili, anaziosha, anazikatakata, anazifunga kwenye nailoni na kuzipanga. Siku moja ya Alhamisi aliniita nimsaidie kuandaa chakula cha wageni. Tulipofungua fuko la mchicha, juu palikuwa pa kijani kabisa. Chini palikuwa na ute, na harufu ile ya maji yaliyosimama. Tulitupa nusu. Alichokosea si kuwa na friji. Alikata jani mapema, akafungua njia elfu za maji na hewa kuingia, kisha akalifungia na unyevu wake. Angeliacha zima, kavu, kwenye kitambaa kinachopumua, angekula hadi Jumatano. Lakini kubwa zaidi, friji ilimpa ruhusa ya kusahau. Kabla ya friji alikuwa akichuma sukuma wiki uani kila jioni. Sasa miche ile imezeeka, majani yamekuwa ya manjano yakimsubiri, naye anakula ya Jumapili.

Ghala bora la jani ni shina lake. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini, machache kwa machache, na mche unaendelea kutoa kwa miezi. Matembele ukikata ncha yanachipua mengine. Mchicha ukikatwa badala ya kung'olewa, unarudi. Wasio na uwanja wana viroba: udongo, samadi, na matundu ubavuni ya kupandia. Maji ya kunawia mikono na ya kuoshea mchele yanatosha viroba viwili. Nasisitiza kiroba na ua kwa sababu nyingine pia. Ukisema bustani kwa mtu wa Busisi, macho yanaelekea ufukweni, penye unyevu wa bure. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na inazuia kwa haki: udongo unaolimwa pale na dawa inayopuliziwa pale vinaishia kwenye maji tunayovulia na kuchotea.

Ukilazimika kununua leo upike kesho, bado huhitaji mashine. Usioshe, usikate. Simamisha mabua kwenye bakuli lenye maji kidogo, kama watu wanavyosimamisha maua, ufunike majani kwa kipande cha khanga kilicholoweshwa na kukamuliwa, uweke kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto. Ni kazi ile ile ya mtungi unaopoza maji ya kunywa. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliichukua akili hiyo ya mtungi, akaweka chungu ndani ya chungu na mchanga wenye maji katikati, wakulima wa kaskazini mwa nchi yake wakahifadhi biringanya na nyanya kwa wiki kadhaa. Mwaka 2000 akatunukiwa tuzo ya Rolex. Huku kwetu, karibu na ziwa, hewa ina unyevu na chungu hakitapoza kama kule kwenye ukame, hasa wakati wa masika. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti, upepo mkavu unapovuma, kinafanya kazi. Na kaa mbali na ndizi: tunda linaloiva linatoa hewa inayoharakisha jani kuwa njano, na wengi wetu tunaziweka ndizi na mchicha kwenye beseni moja.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Nikitaja nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, watu hucheka. "Mwalimu, chakula cha njaa hicho."

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mwamba wake. Anayeijua Mwanza anajua hatukosi miamba. Huo ulikuwa mpana, umelala nyuma ya nyumba kama ng'ombe aliyepumzika. Mwishoni mwa mvua, kunde zilipokuwa na majani kuliko tulivyoweza kula, alichuma machanga, akayatokosa kidogo tu mpaka yalegee, akayakamua na kuyatandaza. Aliyageuza kwa kiganja, mara mbili kwa siku, akiondoa kila bua gumu. Baada ya siku chache yalikuwa meusi-kijani, mepesi, yakinukia kama majani ya chai. Yaliingia kwenye mtungi, mdomo ukafungwa. Mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa imepasuka na bustani zimekufa, alifungua mtungi, akaloweka kiganja kimoja cha nsansa, akaunga na karanga za kutwanga. Watoto tulilamba sahani.

Nauliza: dagaa anapoanikwa mchangani akakauka, tunaita biashara. Anafungwa magunia, anapakiwa malori, anauzwa hadi nje ya nchi, na hakuna anayemwita chakula cha njaa kwa kuwa ameanikwa. Jua ni lile lile, akili ni ile ile: toa maji, uozo usipate pa kuanzia. Kwa nini samaki akikaushwa ni maarifa, jani likikaushwa ni umaskini? Hata viazi vitamu tumevinusuru kidogo, vikikaushwa kuwa michembe vinaliwa na kuuzwa bila aibu. Jani peke yake ndilo tulilolihukumu.

Sitaongeza chumvi. Kukausha kunachukua karibu vitamini C yote, na jua kali linapunguza kile kinachogeuka vitamini A mwilini. Kule kutokosa kwa muda mfupi alikokufanya bibi kunasaidia, kwani moto ule husimamisha yale yanayofifisha jani. Kuanika kivulini penye upepo, kwenye chekecheke au kitambaa kilichoinuliwa kutoka chini, kunasaidia zaidi kuliko mwamba mtupu saa 6 mchana, na kunazuia mbuzi na vumbi. Bibi hakujua hilo na mimi ningemwambia kwa adabu. Lakini chuma na madini mengine yanabaki, na mboga inabaki mwezi ambao hakuna nyingine. Wenye haki ya kuicheka nsansa ni wale wanaokula majani kila siku mwezi wa Septemba. Siwaoni.

Tukija sufuriani, hapa friji na daraja havina la kusema kabisa, na hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Tunakatakata kwanza, tunaosha baadaye. Maji ya kuoshea yanakuwa ya kijani, tunayamwaga, na vitamini zinazoyeyuka zimekwenda nayo. Kisha tunachemsha kwa maji mengi na kuyamwaga tena. Kisha tunarudisha motoni kuunga hadi jani liwe jeusi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ndiye anayesema majani hayana nguvu mwilini! Atazipataje nguvu hizo, na amezimwaga uani mara mbili?

Osha jani likiwa zima, kwa maji safi, mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe. Hilo halina msamaha, kwa sababu bustani nyingine humwagiliwa maji ambayo hakuna anayeyajua, na Kanda ya Ziwa inakijua kipindupindu. Kata kisu na moto vikiwa vimekaribiana. Anza na kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo. Usiogope mafuta, maana vitamini A ya jani haiingii mwilini vizuri bila mafuta au karanga. Tia mabua kwanza, majani baadaye, maji kidogo au yale yaliyobaki kwenye jani tu, funika. Mchicha mchanga dakika 5 unatosha. Matembele zaidi kidogo. Ukibaki na mchuzi, huo ni wa ugali.

Na magadi muyapunguze. Najua yanalainisha, najua mlenda bila magadi wengine hawautambui, najua yanalibakiza jani kijani. Lakini yanaua vitamini C na baadhi ya vitamini B, na kijani kile ni cha macho. Zipo mboga zinazostahili moto mrefu: kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kina sumu isiyotoka kwa haraka, na yeyote atakayekwambia ukipike kama mchicha usimsikilize. Mgagani nao una uchungu wake, na mama zetu walijua kuutokosa na kuulainisha kwa maziwa. Tulichofanya ni kuchukua kanuni ya kisamvu na kuitwisha kila jani lililopita mbele yetu.

Wenzangu watasema: basi unatutaka tuache samaki? Hapana, na hapa ndipo hoja yao inapoanguka kabisa, maana imejengwa juu ya kuchagua kimoja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Malaria inahusika, minyoo inahusika, kichocho cha ziwani kinahusika, na chakula kinahusika. Chuma cha kwenye jani peke yake mwili unakipokea kwa shida. Kikikutana na samaki kwenye sahani moja, au na maji ya limau, unakipokea vizuri zaidi. Mtu mwenye dagaa na mchicha kwa wakati mmoja, yuko mahali ambapo watu wengi wangetamani kuwa. Sisi tuko pale kila siku, halafu tunavitenganisha, kimoja cha siku ya neema na kingine cha siku ya aibu.

Juzi nilipika hivyo. Dagaa wakavu, wametolewa vichwa, wakaoshwa kwa maji ya moto na kukaangwa kidogo mpaka wakalia. Kitunguu, nyanya mbili zenye mkunjo begani. Mchicha wa kiroba, mafungu mawili, mabua kwanza. Dakika 5, nikaepua, nikakamulia nusu limau sufuria ikiwa chini. Jirani yangu wa friji alikuwa anapita uani akauliza mboga leo nini. Nikampa kijiko aonje. Alirudi baada ya robo saa na kisu mkononi, akainama kwenye ile miche yake iliyozeeka, akaanza kuitoa majani ya manjano, moja baada ya jingine, mpaka akafikia yale machanga ya juu.